Dakika Sita za Mwisho

Jumamosi saa kumi na moja jioni, umeme wa jenereta ulipokuja, Bi Widad alikuwa ameshapanga mito sakafuni. Watoto tisa wa jengo walikuwa wameshakaa mbele ya televisheni, viatu wameviacha mlangoni, na mmoja wao, Tala wa ghorofa ya saba, alikuwa ameishika diski kwa vidole viwili kama alivyofundishwa. Deki ilipowasha taa yake ya kijani, Tala akaisukumia ndani. Hapakuwa na muda wa kupoteza. Abu Nizar, mwenye jenereta ya mtaa, alitoa umeme kuanzia saa kumi na moja mpaka kumi na mbili na nusu, halafu akakata mpaka saa tatu usiku, na tangu dizeli iadimike hakuwahi kuchelewa kukata hata kwa sekunde moja. Umeme wa serikali nao ulikuja ukijisikia, mara nyingi alfajiri, watu wakiwa wamelala fofofo.

Filamu ilikuwa ya katuni, ya kalunguyeye mdogo aitwaye Zizo anayeogopa giza. Taa ya bibi yake inatumbukia kisimani, na Giza lenyewe ndilo linaloishi humo kisimani, na Zizo lazima aende akaikomboe. Bi Widad ndiye aliyetia sauti ya Giza miaka ishirini na mitatu iliyopita, katika studio moja ya Beirut, na ile diski alipewa kama zawadi. Filamu ilikuwa na urefu wa saa moja na dakika thelathini na sita. Umeme ulidumu saa moja na nusu. Kwa hiyo kila Jumamosi ulikatika Zizo akiwa amesimama ukingoni mwa kisima, na Giza limefunua mdomo likimwambia: "Ingia."

Watu wazima waliwahi kushauri filamu ianzishwe katikati. Watoto wakagoma, kwani wimbo wa mwanzo auimbe nani? Isitoshe deki ilikuwa kuukuu, ukiibonyeza iruke mbele inarudi kwenye lile onyo la kampuni la kutonakili filamu, na onyo la kampuni halirukiki. Wala shida haikuwa ya watoto peke yao. Katika jengo lile la Tripoli ya Lebanoni (ile ya Libya ina mambo yake, hatuihusishi hapa) hakuna mtu aliyejua mwisho wa kitu chochote. Hajj Burhan wa ghorofa ya tano alishabikia timu ambayo, kwa macho yake mwenyewe, ilikuwa haijafungwa bao la dakika za mwisho kwa miaka miwili. Umm Fawaz wa ghorofa ya nne alikuwa na tamthilia tatu ambazo maharusi wake bado walikuwa wanavaa. Watu walijimalizia wenyewe kwa kubuni, wakabishana kwenye ngazi, wakaenda kulala.

Tala alikuwa na miaka minane na alikuwa ameiona filamu ile mara kumi na moja. Yaani mara kumi na moja aliliona Giza likimwita mtoto kisimani, na hata mara moja hakuona mtoto akitoka. Matokeo yake hakuweza kupanda ngazi peke yake. Shule yake ilikuwa ya zamu ya mchana, wanafunzi wanatoka saa kumi na mbili na nusu, na Desemba saa hizo ni usiku kamili. Lifti haipandi bila umeme. Kwa hiyo Tala alikaa chini na bawabu Fikri, wakila mbegu za maboga, mpaka saa moja na nusu mama yake, Ghada, arudi kutoka duka la halua alikofanya kazi.

Sasa duka lilikuwa limeongeza saa kwa ajili ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Kuanzia Alhamisi Ghada angetoka saa tatu usiku. Na kuanzia Alhamisi hiyohiyo Fikri alikuwa amepata ulinzi kwenye duka la simu, kazi inayoanza saa moja kamili. Ghada alikaa na binti yake kitandani akamweleza bila kuzungukazunguka.

"Ukiweza kupanda mwenyewe, unabaki na mimi. Usipoweza, mjomba wako Ridwan anakupitia Alhamisi saa moja na gari lake la mboga, unakwenda kukaa kwao Akkar mpaka shule zifungwe."

"Mpaka Juni?"

"Mpaka Juni, roho yangu. Sina mtu mwingine."

Halafu Ghada aliingia bafuni, akafungua bomba, akalia. Maji yalikuwa yamekatika, kwa hiyo alisikika.

Jumamosi ninayoisema, Abu Nizar alichelewa kukata umeme kwa sekunde nne. Alikuwa anatafuta miwani yake. Katika sekunde hizo nne Giza lilipata muda wa kumaliza kusema "Ingia" na kuinua mguu kuvuka ukingo wa kisima, na mguu ulikuwa umeshakanyaga nje umeme ulipokatika. Watoto walivaa viatu wakaenda zao. Tala alibebwa mgongoni na Ghada, aliyekuwa likizo siku hiyo.

Saa tatu taa iliporudi, iliangaza sebule nzima ya Bi Widad isipokuwa pembe iliyo kati ya friji na dirisha. Pale palibaki giza, limekaa limekunja magoti.

"Bi Widad," likasema, "unisamehe. Nimetoka."

Sauti ilikuwa ya Bi Widad mwenyewe, ya wakati ule, kabla ya pakiti mbili za sigara kwa siku. Hilo ndilo lililomuudhi.

"Kwanza, usinisemeshe kwa sauti hiyo nzuri, unanitonesha," alisema. "Pili, umekaa mbele ya friji yangu."

"Nisogee wapi?"

"Ungeuliza kabla hujatoka."

Giza likasogea kidogo kuelekea dirishani. Likaeleza kwamba lilikuwa katikati ya kazi, mguu mmoja nje, na sasa halijui kinachofuata. Je, linamla yule mtoto? Linamwachia taa? Linapigwa? Lingependa kujua, kwa sababu haliwezi kurudi ndani bila kumaliza.

"Sijui," akasema Bi Widad.

"Lakini wewe ndiye mimi."

"Mimi ni sauti tu, bwana! Nani aliniambia hadithi? Unadhani tulikaa pamoja tukanywa chai?"

Ndivyo kazi ile ilivyokuwa. Kila mtu aliingia kibanda peke yake, amevaa visikilizio, ana karatasi yenye maneno yake tu. Maneno ya wengine yalikuwa yamekatwa kwa mkasi ili karatasi zisipotee bure. Bi Widad alikuwa na karatasi yake bado, ndani ya kopo la biskuti pamoja na vyeti vya marehemu mumewe. Akavaa miwani akasoma mistari mitatu ya mwisho. Wa kwanza: "Ingia." Wa pili: "Sema basi, nakusikiliza." Wa tatu: "Kumbe ulikuwa unataka hilo tu."

"Hilo lipi?" Giza likauliza.

"Ndiyo hapo sasa. Mwelekezaji aliniambia niseme kwa furaha, kama mtu aliyetua mzigo. Nikausema mara tisa. Sikuuliza, nilikuwa nimeacha sufuria jikoni."

Kesho yake akampigia simu Marlene, aliyemtilia Zizo sauti na ambaye siku hizi anaishi São Paulo kwa mwanawe.

"Kalunguyeye?" Marlene akasema. "Habibti, mimi nimekuwa wanyama mia nne. Kalunguyeye yupi?"

Umeme wa serikali ulipokuja Jumatatu alfajiri, Bi Widad aliamka akaiweka diski mwenyewe. Filamu ilikwenda vizuri mpaka kisimani. Hapo Zizo alisimama, akachungulia, akasubiri. Kisima kilikuwa kitupu. Akawatazama watazamaji, akajikuna sikio, akachungulia tena, na ikawa hivyo mpaka diski ikafika mwisho. Mpwa wa Bi Widad alimwonyesha kwenye simu kwamba hata Amman na Jeddah wazazi walikuwa wanaandika malalamiko ya aina hiyohiyo.

Jengo lilizoea siku ya pili. Giza lilikuwa na adabu na lilitembea likipapasa ukuta, maana kwenye mwanga halikuona vizuri. Umm Fawaz aliliazima mchana limlaze mtoto wake mchanga, na mtoto akalala saa tatu mfululizo, jambo ambalo halijatokea tangu azaliwe. Hajj Burhan aliliita kwa sababu ya kipandauso. Tatizo lake lilikuwa moja: tochi yoyote iliyowashwa karibu nalo ilizimika, na simu zikapoteza chaji. Watu wakajifunza kuzima kabla halijapita.

Jumanne Abu Nizar akapanda mwenyewe, akihema, daftari kwapani.

"Bi Widad, nasikia una mgeni. Umeme unaopata ni wa mtu mmoja."

"Huyu hatumii umeme."

"Hata friji?"

"Hata balbu."

Abu Nizar alilitazama Giza, kisha akavuta mlango nyuma yake na kushusha sauti.

"Usiwaambie watu wengine. Wasije wakaiga."

Jumatano Bi Widad alichoka kufungua friji kwa kubahatisha. Alikuwa ameshachukua limau mara mbili akidhani ni yai. Akaliambia Giza liende likakae ngazini, huko lina wenzake. Giza likaenda, likakaa kati ya ghorofa ya kwanza, ile ya mlangoni, na ya pili, likawa linasogeza magoti watu wakipita.

Habari hiyo ilimfikia Tala jioni hiyohiyo, naye akaacha kula mbegu.

"Limo?" akamuuliza Fikri.

"Limo."

"Limekaa au limesimama?"

"Limekaa. Limeniamkia vizuri tu."

"Kwa sauti gani?"

"Ya Bi Widad, kama angekuwa mchumba wa mtu."

Tala hakucheka. Alikuwa anaogopa mno, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba begi lake la nguo za kwenda Akkar lilikuwa limeshafungwa huko juu nyumbani, alilifunga mama yake akiwa amempa mgongo. Aliwapenda binamu zake wa Akkar. Lakini Akkar hapakuwa na mama yake, basi, na mtu wa miaka minane hahitaji sababu nyingine.

Alhamisi alifika mlangoni saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mtaa wote ulikuwa umezima. Fikri alikuwa ameshavaa kofia ya ulinzi, ambayo ilimkaa pembeni.

"Mwanangu, saa moja kasoro dakika tano naondoka," alisema. "Ningekubeba, wallahi, lakini kesho nani atakubeba?"

"Najua, ami."

Tala akakanyaga ngazi ya kwanza. Akakanyaga ya pili. Alishika chuma cha pembeni, chuma kikawa baridi. Ngazi ya sita akasimama, kwa sababu mbele yake palikuwa peusi kuliko pengine.

Giza likainuka. Lilifurahi kumwona, na likasema neno pekee lililokuwa na uhakika nalo.

"Ingia."

"Siingii," Tala akasema. "Napanda."

Giza likafikiri. Halikuwa na jibu la hilo kwenye karatasi. Likaenda mstari unaofuata.

"Sema basi, nakusikiliza."

Ghorofa ya tatu mlango wa Bi Widad ukafunguka. Alikuwa ameshika karatasi, ingawa hakuweza kuisoma katika giza.

"Hapo hapo!" alipaza sauti kuelekea chini. "Sasa ni zamu ya mtoto. Wewe Giza usimkatize!"

"Nimenyamaza," likasema Giza.

Milango mingine nayo ikafunguka, ghorofa kwa ghorofa. Jengo zima lilijua ule mstari wa tatu, Bi Widad alikuwa ameueleza kwa kila aliyepita, na jengo zima lilikuwa na uzoefu wa kubuni miisho.

"Mwombe taa!" Hajj Burhan akaita kutoka juu. "Ni filamu ya taa, ataomba nini kingine?"

"Taa alishaiomba mwanzoni," akasema Bi Widad. "Hajj, wewe uliangalia mara moja tu."

"Mwombe aondoke, yaishe!" akasema Fikri.

"Akiondoka, nani atasema 'kumbe'?" akajibu Umm Fawaz. "Mimi nasema amuulize jina la mama yake. Hizi hadithi siku zote kuna mama kapotea."

"Ala! Kalunguyeye na Giza wawe ndugu?"

"Mangapi tumeyaona!"

"Mwambie akusamehe, Tala!"

"Kwani mtoto kamkosea nini?"

"Nyamazeni!" Tala akapiga kelele, na wakanyamaza wote, hata mtoto wa Umm Fawaz.

Tala alikuwa analia. Hakulia kwa sauti, machozi yalikuwa yanamtoka tu na pua pia, na hakuwa na mkono wa kujifuta, mmoja umeshika chuma na mwingine umeshika kamba ya begi la shule. Ndani ya begi kulikuwa na vitabu sita, daftari nane na chupa ya maji, kwa sababu shule ile haikuwa na makabati ya wanafunzi wa zamu ya mchana. Kamba ilikuwa inamkata bega. Juu zilikuwa zimebaki ngazi mia moja na kumi na nne.

"Begi langu zito," akasema. "Nishikie."

Halafu Giza likasema, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo:

"Kumbe ulikuwa unataka hilo tu."

"Safi!" Bi Widad akasema kutoka juu, naye alikuwa anafuta macho kwa ile karatasi. "Hiyo hiyo. Tusirudie."

Tala akahisi kamba inainuka begani. Akajifuta pua kwa mkono wa koti. Wakaanza kupanda, yeye upande wa chuma, Giza upande wa ukuta.

"Ile 'ingia' yako inatisha," alisema ghorofa ya pili.

"Nilielekezwa."

"Ulikuwa utamla?"

"Kusema kweli hata mimi nilikuwa na wasiwasi huo."

Ghorofa ya tatu Bi Widad akamshika kichwa akampitisha. Ya nne Umm Fawaz akamwambia kwamba yeye bado anaamini kuna mama. Uoga ulimfuata Tala mpaka hapo. Baada ya hapo alikuwa amechoka mno kufanya mambo mawili, kuogopa na kupanda, akaacha moja. Ya tano Hajj Burhan akampa chungwa. Ya sita haikuwa na watu, familia ilihamia Uturuki, na hapo Tala akaongeza mwendo kidogo, lakini si sana, kwa sababu Giza lilikuwa linahema.

Ghorofa ya saba akatoa ufunguo shingoni, akapapasa tundu, akafungua. Giza likaweka begi kizingitini.

"Unaingia?" Tala akaliuliza, kwa adabu.

"Asante. Ndani mnalo lenu."

Likashuka. Kazi yake kwenye filamu ilikuwa imekwisha, zilizobaki ni wimbo na majina, na lenyewe halikuwa na wimbo. Likakaa pale kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, na ndipo lilipo, linapandisha mitungi ya gesi na vikongwe. Inasemekana dakika ileile, huko Amman na Jeddah, Zizo aliinuka ukingoni mwa kisima na taa mkononi akarudi kwa bibi yake, na wazazi wakaacha kulalamika. Katika jengo lile hilo halijaonekana mpaka leo. Jumamosi iliyofuata Abu Nizar alikata saa kumi na mbili na nusu kamili. Miwani yake sasa ilikuwa na kamba.

Saa moja kamili siku ile ya Alhamisi, gari la mboga likasimama chini na kupiga honi. Mjomba Ridwan akateremka. Alikuta kiti cha bawabu kitupu, mlango wazi, na hakuna mtoto.

"Tala!" akaita barabarani. "We Tala!"

"Abee, mjomba!"

"Uko wapi?"

"Juu! Nyumbani!"

Ridwan akainua uso. Aliona jengo kama kitu kirefu cheusi, na nyuma yake anga nyeusi kidogo.

"Nani kakupandisha?"

"Nimepanda!"

"Sikuoni!"

"Hata mimi sikuoni, mjomba! Lakini nipo! Nakula chungwa!"

Ganda la chungwa likaanguka karibu na kiatu chake. Ridwan akaliokota akalinusa, akasimama nalo pale akicheka peke yake, mtu mzima mwenye masharubu. Kisha akaingia garini na kumpigia dada yake dukani.

"Yuko juu," akasema. "Kapanda mwenyewe. Begi lake la nguo lifungue, simchukui."

Ridwan alisikia sinia zikigongana, halafu mtu akivuta makamasi.

"Unanisikia? Ghorofa saba, Ghada. Hakuna hata mshumaa. Mtaa mzima sioni mkono wangu." Akawasha taa za gari, zikaangaza ukuta, waya za jenereta, na paka. "Mnaishije hivi?"

"Hivi vipi?" Ghada akauliza, na alikuwa anauliza kweli.